Dole Gumba la Jumatatu

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kubeba watoto wa watu hatua arobaini na mbili. Niliwapokea kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, nikawafikisha wadi ya wazazi, nikageuka kumfuata mwingine. Majina yao sikuyajua kwa sababu wakati huo walikuwa bado hawajapewa. Hesabu si kazi yangu, lakini binti yangu aliwahi kukaa na kalamu akaniambia ni zaidi ya elfu ishirini. Sijaangusha hata mmoja. Nalisema hili mapema ili asiwepo wa kulisubiri mwishoni.

Kubeba nilianza kabla ya hospitali. Kwetu nilikuwa mtoto wa kike wa kwanza, na nyuma yangu wakaja wavulana wawili. Shule ilikuwa karibu kiasi kwamba tulipikia uji kwa kengele yake. Nilipofika umri wa kwenda, baba alimwambia mama, "Huyu akienda, mgongo wa kumbebea mdogo wake tutaazima wapi?" Mama hakujibu, na mambo yakawa hivyo. Ndugu zangu wote wawili walipita mgongoni mwangu wakaenda shule. Mmoja siku hizi ni karani wa ofisi ya maji, ana kiti kinachozunguka. Mwingine yuko mbali, na simu zake ni za misiba tu.

Niliolewa na dereva wa lori. Siku moja aliondoka na shehena ya saruji. Saruji ilifika. Nikabaki na binti wa miaka miwili, nikaenda kuomba kazi hospitali ya mji, wakaniweka chumba cha kufulia. Huko ndiko nilikojuana na mwenzangu tuliyemwita Povu, kwa sababu ya sabuni na kwa sababu ya maneno. Tulifua mashuka ya damu mpaka siku Sista Mkuu aliponikuta nimemshika mtoto wa mgonjwa aliyekuwa akitapika. Akaniangalia kidogo, akasema, "Wewe unajua kushika." Hilo ndilo neno jema pekee nililopata kwake, na papo hapo akaligeuza kuwa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwepo kwa sababu ya rangi. Kati ya chumba cha upasuaji na wadi kuna korido, na katikati ya korido kuna mstari mwekundu uliochorwa sakafuni. Wauguzi wa ndani hawauvuki kwenda nje, kwa sababu watatoka na viatu vya ndani. Wa wadi hawauvuki kuingia, kwa sababu wataingia na viatu vya nje. Mtoto anatoka ndani kwenda nje, na yeye hana viatu. Basi akatakiwa mtu wa mstari, ambaye ndala zake hazijui mahali pengine ila korido. Nilizilowesha kwenye dawa kila asubuhi, nikazivaa, na mpaka jioni sikukanyaga kwingine. Wakaniita Mama Mstari. Nililipenda jina hilo.

Pale kwenye mstari palikuwa na meza ndogo na kitabu kikubwa. Kila mtoto na mstari wake: saa, jina la mama, uzito, wa kike au wa kiume, hali. Kisanduku cha hali muuguzi wa ndani alikuwa amekwisha kukijaza kabla hajanipa mtoto, na karibu siku zote kiliandikwa "mzima". Kisanduku cha mwisho kilikuwa cha mpokeaji. Wengine wangeweka sahihi. Mimi niliweka dole gumba, na kwa ajili yangu paliwekwa kopo la wino wa zambarau.

Wino huo ndio uliozaa haya yote. Mwaka wa pili au wa tatu nilimbeba mtoto mmoja, bibi yake akamfunua wadini akakuta doa la zambarau kwenye paji la uso. Akaanza kulia kwamba mjukuu amepondwa. Walikuja wauguzi watatu kabla mmoja wao hajalowesha pamba na kulifuta. Sista Mkuu alinijia mstarini na ile pamba iliyofutiwa.

"Hii nini?"

"Wino, sista. Nikishapiga dole namshika mtoto."

"Kwani huwezi kupiga mapema?"

"Mapema lini?"

"Jumatatu. Piga ukurasa mzima, nawa mikono, wiki ikuishie. Mimi sitaki bibi mwingine wa kunililia ofisini."

Kuanzia hapo kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuvaa ndala, nilifungua ukurasa mpya nikapiga madole thelathini kutoka juu mpaka chini. Kisha nilisugua mikono kwa brashi. Wiki nzima waliandika wengine, dole langu likiwasubiri pembeni. Hakuna aliyeuliza. Makarani wanakuja na kuondoka, na kitu wanachokikuta wanakiona cha siku zote.

Watu wanadhani mtoto wa upasuaji hutolewa kama mkate kwenye mfuko, hana alipoguswa. Mimi niliwaona. Nilimbeba mmoja mwenye mkato mdogo juu ya sikio, kisu kilipita pale mfuko wa uzazi ulipokuwa mwembamba, wakauziba kwa utepe na ukapona. Nilimbeba aliyetoka na shavu jeusi kwa sababu kichwa kilikuwa kimezama chini sana na ilibidi kisukumwe kurudi juu. Nilimbeba ambaye mkono mmoja ulining'inia, na mama yake nilimwona miezi baadaye akiununulia mkono huo bangili ili mtoto aupende. Si wengi. Ila wapo, na ndani ya chumba kile kila mmoja anajua kuwa wapo. Wanapokuwapo huandikwa, mtoto hutazamwa, mama huambiwa, maisha yanaendelea. Shida huanza pale ambapo hapakuandikwa.

Daktari wa upasuaji wa miaka ile ya mwisho tulimwita Dakika. Alikuwa na mikono myepesi na alipenda watu wajue. Akifanya kazi alitania, nami nikiwa nyuma ya mlango na blanketi nilimsikia. "Mama, usilale, utakosa sinema." Wagonjwa walimpenda. Na kwa kuwa siku hizi huchomwa sindano ya mgongo, chini hawasikii maumivu lakini masikio yao yapo, walicheka wakiwa wamepasuliwa.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, aliingia fundi cherehani mmoja ambaye kibanda chake kiko mtaa wetu. Mimba yake ya tatu. Mtoto alikuwa amekaa, matako chini, kichwa juu, hakutaka kugeuka. Alipopita kwenye machela aliniona, akasema, "Mama Mstari, huyu umshike vizuri, ni mkaidi kama baba yake." Nikamwambia aende tu, nitamkuta mlangoni.

Nilisimama na blanketi. Dakika alitania kama kawaida, kitu kuhusu suruali aliyoshonewa ikambana. Kisha akanyamaza. Sikumsikia tena mpaka mwisho. Mtoto alilia, mlango ukafunguliwa, na sista wa ndani akanipa mtoto aliyefungwa vizuri sana, kama kifurushi cha posta. Aliniambia, "Mbebe taratibu."

Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniambia nibebe taratibu.

Mtoto alikuwa wa kiume. Alilia kilio ambacho sikukizoea. Mtoto mchanga hulia mfululizo, huyu alilia kwa vipande, na kila kipande kilikuja nilipoweka mguu chini. Nikapunguza mwendo. Nikajaribu kumgeuzia upande wa pili, akatulia kidogo. Hapo nikajua ni mguu wa kushoto. Kumfunua sikuruhusiwa. Sista Mkuu alikataza watoto kufunuliwa koridoni tangu mmoja aliposhikwa na baridi.

Mlangoni mwa wadi nilimkabidhi kwa muuguzi wa zamu. Nikamwambia, "Huyu ana kitu mguuni, wa kushoto."

"Umemfunua?"

"Sijamfunua."

"Umekuwa na macho ya picha ya mifupa siku hizi? Kesho utatuandikia na dawa." Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, kwa sababu ndivyo unavyofanya ukiwa huna karatasi ya kukutetea. Wakamweka kwenye kitanda kidogo vilevile alivyofungwa.

Alifunuliwa kesho yake asubuhi, wakati wa kuogeshwa. Paja lilikuwa limevimba na akiguswa anapiga kelele. Walimpeleka kupigwa picha. Mfupa wa paja umevunjika katikati.

Mchana wa Alhamisi Sista Mkuu aliniita. Kitabu kilikuwa mezani kwake kimefunguliwa. Alinionyesha mstari kwa ncha ya kalamu, ingawa alijua sisomi.

"Hapa pameandikwa mtoto ni mzima. Na hapa ni dole lako. Umempokea mzima, amefika amevunjika."

"Sista, wewe unajua dole lile."

"Najua nini?"

Nilimtazama, akatazama kitabu. Hapo nikaelewa kwamba tumeachana.

"Korido ilikuwa imepigwa deki," akasema. "Ndala zako zimeisha soli. Mtu huteleza, hata mimi naweza kuteleza. Kubali uliteleza, nikurudishe kufua na mwenzako, mambo yaishe humu humu. Ukikataa itabidi likae baraza."

Nilikataa. Nikapewa barua ya kusimamishwa, ina tarehe ya siku hiyo ya Alhamisi. Nilimpelekea binti yangu anisomee.

Mtaani habari ilifika kabla yangu. Bombani walipunguza sauti nilipotokea na ndoo. Ijumaa nikawa tayari nina jina jipya: Mama Teleza. Alilianzisha mwanamke ambaye wajukuu zake wawili nilikuwa nimewabeba. Mama mmoja kijana aliyekuwa amemkalisha mwanawe kwenye jiwe la kufulia alimnyanyua nilipokaribia. Hakuwa na ubaya, alimnyanyua tu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko jina.

Karani wa ofisi ya maji, ndugu yangu, alikuja Jumamosi na mkate. Alikaa, akavuta soksi zake juu.

"Dada, ofisini mambo huendeshwa hivi. Unaomba msamaha, wanakuandikia onyo, faili linafungwa. Hakuna anayesoma faili lililofungwa."

"Niombe msamaha wa nini?"

"Wa chochote. Msamaha hauna haja ya kosa."

"Nikiomba, nitakuwa nimemwangusha."

"Utakuwa kazini."

"Wewe nilikubeba miaka mitatu," nikamwambia. "Nilikuangusha lini?"

Akasema alikuwa mdogo, hakumbuki. Alikuwa akitania, nadhani. Alimaliza chai, akaondoka.

Na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa anafundisha watoto wa darasa la kwanza na alinijua kuliko mtu yeyote, aliosha vikombe, akavipanga, akaniuliza akiwa amenipa mgongo, "Lakini mama, hukuteleza kweli?" Kabla ya hapo nilikuwa nataka kazi. Kuanzia hapo nilitaka swali hilo liulizwe mbele ya watu na lijibiwe vizuri.

Njia aliileta Povu. Jumapili alipita nyumbani akitoka zamu, akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Wamemweka mfagiaji wa kike kwenye mstari wako," akasema. "Anajisifu. Anasema kazi rahisi, hata sahihi hasumbuki kuweka, kila kitu kimeshapigwa."

"Kimeshapigwa nini?"

"Madole. Si umewaachia? Umeacha akiba mpaka mwisho wa ukurasa." Akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe umekaa hapa unakula mkate wa mdogo wako, na dole lako liko kazini."

Nilimwambia arudie. Akarudia, mara hii bila kucheka, kwa sababu na yeye alikuwa ameanza kuelewa.

Baraza lilikaa Jumatano iliyofuata, ofisini kwa Mganga Mkuu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alikuwepo Sista Mkuu, Dakika, na karani wa utumishi aliyeshika kile kitabu. Upande wa dirisha alikaa fundi cherehani na mtoto mapajani, mguu wa kushoto umefungwa bandeji mpaka tumboni, na kando yake mama mkwe wake aliyekuja kusimamia haki ya ukoo. Mimi nilipewa kiti cha mbao. Binti yangu alisimama nje ya dirisha kwa sababu ndani alikataliwa.

Mama mkwe alianza kabla ya kuombwa. "Mimi sina mengi. Nataka kuiona hiyo mikono."

Nikamwonyesha. Aliitazama mbele na nyuma.

"Mbona mikubwa hivi? Mikono kama hii inaangushaje?"

"Mama, subiri," fundi akasema.

"Nasubiri. Nimeuliza tu."

Karani alisoma mstari wa Jumatano ile. Saa, jina la mama, uzito, wa kiume, mzima. Mpokeaji, dole gumba.

"Ni dole lako?" Mganga Mkuu akauliza.

"Langu."

Sista Mkuu akanigeukia kwa sauti ya kubembeleza. "Mama Mstari, hakuna anayekuchukia hapa. Sema uliteleza, turudi wadini, wagonjwa wanatungoja."

"Nitasema, sista. Kwanza naomba karani asome mtoto wa Jumamosi. Yeyote."

Karani alimtazama Mganga Mkuu, akaruhusiwa. Akashusha kidole. "Jumamosi. Saa tatu na nusu. Wa kike. Mzima. Mpokeaji, dole gumba."

"Dole la nani?"

Karani aliinamisha uso mpaka pua ikakaribia karatasi. "Linafanana na hili la juu."

"Usiseme linafanana. Lina kovu katikati, nilikatwa na kopo utotoni. Lina kovu?"

"Lina kovu."

"Basi ni langu. Na Jumamosi mimi nilikuwa wapi?"

Mganga Mkuu alichukua barua ya kusimamishwa, akatazama tarehe, akaiweka chini, akaichukua tena.

"Na Jumapili," nikasema, "soma. Na pale chini kabisa, palipo wazi, pana madole mangapi?"

"Matano."

"Ya watoto gani?"

"Hakuna watoto," karani akasema. "Ni madole tu."

Mama mkwe akamnong'oneza mkwewe, kwa mnong'ono ambao hata binti yangu nje aliusikia, "Hospitali hii wanapokea watoto kabla mimba haijaingia."

Nikawaeleza habari ya wino, bibi, paji la uso, na kwamba dole lile nililipiga Jumatatu, siku mbili kabla mtoto huyo hajaonwa na mtu yeyote. Kwa hiyo haliwezi kusema alikuwa mzima wala alikuwa amevunjika. Halijui.

"Nani alikuruhusu kupiga kabla ya kazi?" Sista Mkuu akauliza.

"Wewe."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya kopo la wino."

"Sikuwahi kusema kitu kama hicho," akasema, na akalisema vizuri, uso haukutikisika. Miaka kumi na saba ya Jumatatu, kila wiki akipita kwenye meza ile, akisaini juu ya ukurasa kuwa amekagua.

Hapo fundi cherehani akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Na mimi je, siulizwi?"

Mganga Mkuu akasema aseme.

"Nililala pale juu nikiwa macho. Daktari alikuwa anatania suruali yake. Nikasikia kitu. Si kwa sauti kubwa. Mnajua sindano ya cherehani ikivunjika ndani ya kitambaa kizito? Ile tak. Nimeshona miaka kumi na minne, sauti hiyo naijua hata nikiwa usingizini. Nikauliza, ni nini hicho. Daktari akasema ni vyombo. Tangu hapo hakutania tena."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Nani aliniuliza? Niliambiwa kuna mwanamke ameteleza. Nikasema labda ni vyombo kweli." Alimrekebisha mtoto mapajani. "Halafu nikapata siku saba za kuwaza. Sindano ikivunjika, simlaumu mteja kwa kuibeba nguo."

Wote tulimtazama Dakika. Nilitegemea akane kama mwenzake. Alikuwa anasugua kiganja kwa kidole gumba.

"Mtoto aliyetanguliza matako unamtoa kwa kushika miguu," akasema. "Mfuko ulikuwa umembana, tundu nililofungua lilikuwa dogo, na nilikuwa nafanya haraka. Nilihisi kitu mkononi. Nilijiambia ni kiungo kimelia."

"Uliandika?"

"Hapana."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia sista wa ndani amwambie mbebaji ambebe taratibu."

Mganga Mkuu alivua miwani. "Kwa hiyo 'taratibu' ndiyo ripoti."

Dakika alimgeukia mama wa mtoto, akamweleza kwamba kuvunjika kwa namna ile hutokea hata kwa mkono mzuri, kwamba mfupa wa mtoto mchanga huunga upesi kuliko wa mtu mwingine yeyote, wiki tatu, nne, na kwamba akikua hataonyesha dalili. Alisema alipaswa kulisema siku ileile. Mama wa mtoto akamwambia, "Ndiyo, ulipaswa kulisema." Si zaidi ya hapo. Kwangu mimi hakugeuka, na sijui angesema nini kama angegeuka.

Barua ilikuja baada ya siku tisa. Binti yangu aliisoma amesimama mlangoni. Aya ya kwanza ilisema baraza limeridhika kwamba sikumwangusha mtoto wala kumdhuru, na jeraha lilitokana na uzazi. Akaanza kuikunja.

"Endelea," nikasema.

"Mama, tuishie hapa."

"Ina maneno mengine. Naona wino."

Aya ya pili ilisema nimeachishwa kazi kwa kutia alama za uongo kwenye kitabu cha serikali kwa muda mrefu. Sista Mkuu alipewa onyo la mdomo, na maneno ya mdomo hukauka. Dakika alihamishiwa hospitali kubwa zaidi, nasikia ni mzuri sana huko.

Ndugu yangu Karani alinipigia simu. "Ungekubali kuteleza, leo ungekuwa unafua."

"Ningekuwa nafua nikiwa nimemwangusha."

"Dada, wewe ni mgumu."

"Ndiyo maana hukuanguka," nikamwambia.

Sijifanyi kuwa nilishinda. Miaka kumi na tisa iliishia kwenye aya ya pili, na aliyenifundisha kosa ndiye aliyenisomea shtaka. Nikimwona njiani navuka upande wa pili, si kwa hofu. Kuna maneno nikiyaanza sitayamaliza. Kusoma nimejifunza baadaye, kwa binti yangu, na neno la kwanza nililoomba anionyeshe ni "mzima". Lina herufi tano. Nililipigia dole mara elfu ishirini na zaidi bila kulijua sura.

Bombani barua haikufika. Habari ya kuteleza ilikimbia, ya kutoteleza ilitembea kwa magongo. Waliniitikia salamu, lakini watoto bado walinyanyuliwa.

Wiki ya saba tangu mtoto yule azaliwe nilikuwa napita na ndoo, asubuhi, bomba limejaa watu. Kibanda cha fundi kinatazamana nalo. Alikuwa kwenye cherehani na mteja amesimama juu yake akingoja nguo, mtoto analalama kwenye beseni lililotandikwa vitambaa. Akaniona, akaniita kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara.

"Mama Mstari. Njoo unishikie huyu, nina zipu ya mtu."

Bombani pakatulia. Maji tu ndiyo yaliyoendelea.

Niliweka ndoo chini. Nilinawa mikono kwenye maji ya mtu, hakuna aliyenikataza. Nikavuka, nikamtoa kwenye beseni. Alikuwa mzito sasa. Bandeji ilishatolewa, na nilipopitisha kidole kwenye paja la kushoto nikalikuta fundo dogo, gumu, pale mfupa ulipojiunga. Nikamweka begani. Nikatembea naye, kutoka kibandani mpaka bombani, nikageuka, nikarudi, nikaenda tena. Alilalama njia ya kwanza. Ya pili alinyamaza. Yule mama kijana wa jiwe la kufulia alivuta ndoo yake nipite, na mwanawe akamwacha pale pale alipokaa.

Nilikuwa bado nimemshika Povu alipotokea, anatoka kazini, habari zimemjaa mdomoni.

"Umesikia? Wamepata mbebaji wa kudumu. Amesoma, ana cheti. Hatumii dole, anaandika jina lake kwa mwandiko wa kupendeza." Akakaa kwenye kizingiti cha kibanda, akavua viatu. "Unajua analiandika lini?"

Nilijua.

"Jumatatu," akasema, akaanza kucheka kile kicheko chake. "Ukurasa mzima."

Nikamwambia apunguze sauti, mtoto amelala.